Skizofrenia haina mshtakiwa

Kijana wa miaka 21 anapoanza kusikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, awe kwenye duara la dhahabu la Mwakitolyo, kwenye mashine ya mpunga ya Kagongwa au kwenye kibanda cha simu mjini Kahama, hukuta maelezo yameshakaa tayari yakimsubiri. Machimboni watasema alichukua ndagu, dawa ya mganga ya kuvuta utajiri, ili apate dhahabu, kisha akakiuka masharti. Nyumbani kwao watasema ametupiwa, na jina la jirani fulani litatajwa kwa sauti ya chini. Upande wa mchumba watakumbushana kuwa shangazi yake naye aliwahi kurukwa na akili, kwa hiyo ukoo ule ni wa vichaa na mahari irudi. Wale wanaojiona wameelimika kidogo, akina mwalimu wake wa zamani na mwenyekiti wa mtaa, watasema ni bangi tu, mambo ya uchawi waachiwe wazee. Maelezo haya manne yanagombana yenyewe kwa yenyewe, lakini yana tabia moja: kila moja linamtafuta mkosaji, na likishampata linafunga faili. Hoja yangu ni kwamba tabia hiyo inatuumiza kuliko hata imani ya uchawi peke yake. Utafiti wa miaka zaidi ya 60 kuhusu chanzo cha skizofrenia, ukisomwa kwa makini, unawaachia huru washtakiwa wote tuliowazoea, na unatuelekeza mahali ambapo wachache wetu tungepafikiria: leba, na dirisha la dawa la kituo cha afya.

Neno kichaa kwetu limebeba mizigo mingi mno. Malaria iliyopanda kichwani, kifafa, ulevi wa gongo uliokithiri, kaswende ya muda mrefu, huzuni nzito baada ya kujifungua, vyote huingizwa humo. Ndiyo maana mtu aliyevurugikiwa ghafla huku mwili unachemka anahitaji kipimo cha malaria kabla ya mjadala wowote juu ya nani kafanya nini. Skizofrenia ni ugonjwa mmoja ndani ya kundi hilo, na una sura yake. Mgonjwa husikia sauti zinazomsema au kumwamrisha, huamini anafuatiliwa au mawazo yake yanaibwa, maneno yake hukosa mfuatano, na taratibu hupoteza ari ya kazi, ya kuoga, hata ya kukaa na watu. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kuwa watu milioni 24 hivi wanaishi nao, yaani mtu 1 katika kila 300. Kwa kawaida huanza mwishoni mwa ujana hadi miaka ya 20 na kitu, na wanaume hutangulia kidogo kuliko wanawake.

Umri huo ndio mzizi wa mkanganyiko wetu. Ndio umri ambao kijana wa Ushetu au Msalala anafunga begi kwenda machimboni baada ya kusikia kuna rashi ya dhahabu mahali fulani. Ndio umri wa kuonjeshwa bangi, wa kupelekwa kwa mganga kutafuta bahati, wa kuposa na kuposwa. Kwa hiyo ugonjwa unapojitokeza, kila mshtakiwa anakutwa eneo la tukio. Ndagu ilikuwepo, bangi ilikuwepo, ugomvi wa mahari ulikuwepo, na jirani mwenye husuda hakosekani kamwe. Mtu akiunganisha tukio na kile kilicholitangulia kwa mwezi mmoja hatakosa ushahidi. Lakini wanasayansi waliochunguza jambo hili wamegundua kwamba sehemu kubwa ya safari ya ugonjwa huu hutembewa kabla kijana hajafika machimboni, nyingine kabla hata hajazaliwa. Mwaka 2016 timu ya watafiti wa Marekani ilionyesha kuwa aina fulani za jeni iitwayo C4, inayohusika na kinga ya mwili, huongeza hatari ya skizofrenia. Na katika panya jeni hiyo ilionekana kushiriki katika kuondoa viungo vya mawasiliano kati ya seli za ubongo. Ubongo wa kijana hupunguza viungo hivyo kama mkulima anavyong'olea miche ya mahindi iliyosongamana. Inadhaniwa kwamba kwa baadhi ya watu kazi hiyo hupita kiasi. Ikiwa ni hivyo, saa ya ugonjwa ilishategwa siku nyingi, na machimbo yameangukia tu kwenye saa yenyewe.

Hapo ndipo atasimama mtu na kusema: kama ni jeni, basi wazee walikuwa sahihi, ni ukoo. Pingamizi hili lina uzito na halistahili kupuuzwa, kwa sababu ushahidi wa urithi ni mkubwa kweli. Watafiti wa Denmark, nchi inayotunza kumbukumbu za wagonjwa na mapacha kwa uangalifu wa ajabu, walitoa hesabu zao mwaka 2018. Pacha mmoja akiwa na skizofrenia, na mapacha hao wametokana na yai moja, yaani wana vinasaba vilevile, uwezekano wa mwenzake kuugua ulikuwa asilimia 33. Kwa mapacha wa mayai mawili ulikuwa asilimia 7. Kutokana na tofauti hiyo walikadiria kuwa urithi unaeleza asilimia 79 ya tofauti iliyopo kati ya watu katika kuelekea kuugua. Namba hiyo ya 79 husomwa vibaya hata na watu wenye shahada. Haimaanishi kuwa mtoto wa mgonjwa ana asilimia 79 za kuugua. Inazungumzia tofauti ndani ya jamii nzima, na kwa mtu mmoja mmoja haina la kusema.

Anayetaka kujua hatari ya mtu mmoja mmoja aangalie hesabu nyingine ya hukohuko Denmark, iliyotolewa mwaka 2010. Mtoto ambaye mzazi wake mmoja amewahi kulazwa kwa skizofrenia ana uwezekano wa asilimia 7 wa kulazwa kwa ugonjwa huo. Wazazi wote wawili wakiwa wagonjwa, unafika asilimia 27. Pasipo mzazi mgonjwa, ni chini kidogo ya asilimia 1. Kwa hiyo katika watoto 100 wa mzazi mgonjwa, 93 hawafiki huko. Kwa mpwa wa shangazi mgonjwa ongezeko ni dogo zaidi. Na wagonjwa walio wengi hawana mzazi, kaka wala dada mwenye ugonjwa huo. Sababu yake ilidhihirika vizuri mwaka 2022, pale watafiti wa mataifa mengi walipolinganisha vinasaba vya wagonjwa zaidi ya 76,000 na vya watu zaidi ya 243,000 wasiougua, wakapata sehemu 287 za vinasaba zinazohusiana na skizofrenia. Karibu kila moja huongeza hatari kwa kiasi kidogo sana, na nyingi zinapatikana kwa watu wengi tu wenye akili timamu. Zimo katika ukoo wa mchumba na katika ukoo wa anayemkataa mchumba. Mgonjwa ni mtu aliyeangukiwa na nyingi kwa pamoja, wakati mwingine na badiliko jipya la kinasaba ambalo baba na mama hawakuwa nalo, na juu ya hayo akakutana na mazingira fulani. Ukoo wa vichaa, kwa maana tunayoitumia kwenye vikao vya posa, haupo.

Kama bado kuna anayeamini kuwa kuzuia ndoa kutasafisha kizazi, historia ina jibu la kutisha. Ujerumani ya Hitler ilipitisha mwaka 1933 sheria ya kuwahasi watu wenye magonjwa yaliyoitwa ya kurithi, na skizofrenia ilitajwa waziwazi. Ernst Rüdin, mtaalamu mkubwa wa urithi wa magonjwa ya akili wa enzi yake, alisaidia kuitetea na kuifafanua. Baadaye kuhasi kukageuka kuua. Wanahistoria wa tiba wamekadiria kuwa watu zaidi ya 200,000 wenye skizofrenia walihasiwa au kuuawa. Baada ya vita, idadi ya wagonjwa wapya nchini humo haikupungua kama wale madaktari walivyoahidi. Ugonjwa uliendelea kuzaliwa katika familia ambazo hazikuwahi kuguswa. Tena Wazungu hawakuishia kwenye kulaumu ukoo. Mwaka 1948 daktari Frieda Fromm-Reichmann aliandika juu ya mama mkali na baridi anayezalisha skizofrenia kwa mtoto wake, na kwa miongo kadhaa akina mama wa Marekani walibeba lawama hiyo kliniki kwa kliniki. Ilianza kuporomoka mwaka 1966 Leonard Heston alipowafuatilia watu 47 wa Oregon waliozaliwa na mama wenye skizofrenia na kutenganishwa nao siku chache tu baada ya kuzaliwa. Watano kati yao waliugua, ingawa walilelewa na watu wengine. Katika kundi la kulinganishia la watu 50, hakuugua hata mmoja. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaodhani kumtafuta mkosaji ni ujinga wa Wasukuma na Wanyamwezi. Maprofesa wa Munich na Washington waliufanya uleule, wakiwa na darubini.

Sasa turudi kwa wale mapacha. Vinasaba ni vilevile, lakini mmoja akiugua, mwenzake huwa salama katika jozi mbili kati ya kila jozi tatu. Kitu kingine kinafanya kazi, na ushahidi unaanzia tumboni. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 Wajerumani waliifungia chakula Uholanzi ya magharibi, na watu wakala hadi vitunguu vya maua. Watoto waliotungwa mimba katika kilele cha njaa hiyo walikuja kuugua skizofrenia mara mbili ya wenzao. Mkoa wa Anhui, China, njaa kuu ya 1959 hadi 1961 ilileta matokeo yaleyale: hatari ilipanda kutoka asilimia 0.84 hadi zaidi ya 2. Kisha kuna uchungu wenyewe. Kifafa cha mimba, damu kumwagika kabla ya kujifungua, mtoto kuzaliwa njiti, mtoto kukosa hewa wakati wa kutoka, yote haya yameonekana katika tafiti nyingi kuongeza hatari, ingawa kwa kiasi. Mwaka 2018 timu moja ya kimataifa ilieleza jambo la kuvutia zaidi: jeni nyingi za skizofrenia zilikuwa zikifanya kazi kwenye kondo la nyuma, na urithi ulionekana kueleza ugonjwa zaidi ya mara 5 kwa watu ambao ujauzito au uzazi wao ulikuwa na matatizo makubwa. Lazima niseme kuwa watafiti waliolipima jambo hilo kwenye kumbukumbu za Denmark hawakuuona muungano huo wa jeni na uzazi. Bado unabishaniwa. Kisichobishaniwa sana ni kwamba matatizo ya uzazi yenyewe yana mchango.

Na hapo ndipo ugonjwa unaodhaniwa kuwa wa machimboni unaingia leba. Wakunga wa Tanzania wana namna yao ya kusema: mtoto amezaliwa akiwa amechoka. Hajalia, amelegea, rangi imebadilika. Mkunga ana dakika moja ya kumkausha, kumsugua mgongo na, asipopumua, kumwekea barakoa ndogo usoni na kuminya mfuko wa hewa. Kwenye chumba chenye mkunga mmoja na akina mama watatu wanaosukuma kwa wakati mmoja, dakika hiyo hupita haraka. Mtoto anaweza kufa. Anaweza kupona kabisa. Anaweza pia kupona akiwa ameumia mahali pasipoonekana. Ongeza kwamba utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 uliikuta Shinyanga ikiongoza nchi kwa ndoa za utotoni, asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 wakiwa wameolewa kabla ya kufikisha 18. Msichana wa miaka 15 ana nyonga ndogo na hatari kubwa ya kifafa cha mimba. Tunamwoza mapema, tunamchelewesha kufika hospitali, kisha miaka 20 baadaye tunapiga ramli kujua nani kamroga mwanawe.

Wapo watakaosema natia chumvi, kwamba mchango wa uzazi mgumu katika skizofrenia ni mdogo na wagonjwa wengi walizaliwa salama. Ni kweli. Hakuna daktari anayeweza kumwonyesha mgonjwa mmoja wa Nyasubi, Kahama, na kusema huyu ni kwa sababu ya dakika nne bila hewa. Lakini hoja hiyo inaimarisha ninachosema. Kwenye orodha ya visababishi, hakuna kimoja kinachotosha peke yake, kwa hiyo swali la maana kwa halmashauri ni lile la kipi kinaweza kubadilishwa. Vinasaba haviko mikononi mwetu. Uzazi uko. Mradi wa Safer Births ulioongozwa na Hospitali ya Haydom uliwafundisha wahudumu kwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yake, yaliyohusu uzazi zaidi ya 280,000 na kuchapishwa mwaka 2025, yalionyesha vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na mara baada yake vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Hakuna aliyeuanzisha mradi ule kwa ajili ya skizofrenia, na hata kama usingemkinga mtu mmoja na ugonjwa huo ungekuwa na faida tele. Mimi naona hiyo ndiyo sifa ya kinga nzuri: hailazimiki kusubiri ubishi wa maprofesa uishe.

Baada ya kuzaliwa huja malezi. Utafiti wa Finland wa watoto wa kuasiliwa, uliochapishwa mwaka 2004, uliwafuatilia watoto waliozaliwa na mama wenye skizofrenia au magonjwa ya kundi lake. Waliolelewa katika familia zenye mvurugano, asilimia 36.8 waliugua magonjwa ya kundi hilo. Waliolelewa katika familia tulivu, ni asilimia 5.8. Kwa watoto wasio na urithi huo, ugomvi wa nyumbani haukuleta tofauti ya namna hiyo. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2012, uliokusanya tafiti nyingi, uliona kuwa kupigwa, kubakwa au kutelekezwa utotoni huongeza hatari ya kupata ugonjwa mkali wa akili karibu mara tatu. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2009 uliona karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Sisemi kwamba familia ya mgonjwa ndiyo iliyomtesa. Nimeeleza hapo juu lawama hiyo iliwafanya nini akina mama wa Marekani. Nasema hesabu za jumla zinatuhusu kama jamii, hata pale ambapo hazimhusu mama fulani.

Bangi sasa. Mwaka 1987 watafiti wa Sweden walitoa matokeo ya kuwafuatilia vijana 45,570 walioingia jeshini: waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 waliugua skizofrenia mara 6 ya wasiovuta. Watetezi wa bangi husema mgonjwa huanza kuvuta ili kutuliza dalili za mwanzo, na wana sehemu ya ukweli, kwa maana watafiti walipozingatia hali ya vijana hao kabla ya kuvuta namba ilishuka. Ilishuka, haikufutika. Utafiti wa 2019 wa maeneo 10 ya Ulaya na moja la Brazil uliwakuta wanaovuta kila siku bangi kali, ya jamii ya skanka, wakiwa na hatari ya ugonjwa mkali wa akili ya karibu mara 5. Hapa nyumbani, utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta asilimia 3.9 ya watu wazima waliripoti dalili moja au zaidi za ugonjwa mkali wa akili ndani ya mwaka, na zilionekana zaidi kwa waliovuta bangi na kwa waliopatwa na misukosuko mikubwa ya maisha. Kijana mwenye ndugu mgonjwa anayevuta skanka kila siku anacheza na moto, na aambiwe hivyo bila kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini wavutaji walio wengi hawaugui skizofrenia, na wagonjwa wengi hawajawahi kushika msokoto. Anayesema "ni bangi tu" anamgeuza mgonjwa kuwa mhuni, na mhuni hupelekwa mahabusu.

Kuhusu zebaki nitasema machache, maana Geita na Kahama hili huulizwa. Moshi wa zebaki inapochomwa kwenye dhahabu huharibu neva. Uchunguzi uliofanywa Rwamagasa, Geita, mwaka 2003 chini ya mradi wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, uliwatazama wachomaji kwa sababu hiyohiyo. Mikono kutetemeka, usahaulifu na hasira za ghafla ni dalili zake. Hiyo ni sumu, ina njia yake, na haijathibitishwa kuwa chanzo cha skizofrenia. Vilevile tusichukue kila kitu cha Ulaya kizimakizima. Kuzaliwa Copenhagen kulionekana kuongeza hatari zaidi ya mara mbili kuliko kuzaliwa vijijini Denmark, lakini uchambuzi wa mwaka 2018 wa nchi 42 za kipato cha chini na cha kati haukuona madhara hayo ya mji. Kwa hiyo anayesema Kahama imechanganya vijana kwa sababu tu imekua haraka hana ushahidi mkononi.

Hilo linanileta kwenye pingamizi ninaloliheshimu zaidi: kwamba takwimu zote hizi ni za watu wengine. Ni malalamiko ya haki. Sehemu kubwa ya vinasaba vilivyochunguzwa ni vya watu wenye asili ya Ulaya. Hali inabadilika polepole. Mwaka 2020 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Waxhosa wa Afrika Kusini, wagonjwa takriban 900 wakilinganishwa na idadi kama hiyo ya wasiougua, na ukaonyesha mabadiliko adimu katika jeni zinazojenga mawasiliano ya seli za ubongo, jambo linaloafikiana na yaliyoonekana kwingine. Mradi wa vinasaba wa NeuroGAP umekusanya sampuli Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini, Kilifi na Eldoret zikiwemo. Tanzania haimo, na ni aibu ndogo kwa nchi yenye hospitali za Muhimbili na Bugando.

Linabaki swali ambalo mganga hulijibu na daktari hulikwepa. Mama wa Bulyanhulu hana shida sana na swali la ugonjwa unatokeaje. Anauliza kwa nini mwanangu, na si wa jirani aliyevuta bangi ileile na kulala kwenye turubai lilelile. Jibu la kweli, na ambalo wale mapacha wanalithibitisha, ni kwamba baada ya kuhesabu jeni, uzazi, malezi na bangi, kinabaki kiasi cha bahati tu, vitu vidogo katika kukua kwa ubongo ambavyo havina nia wala mwenyewe. Ni jibu gumu kumeza, na ramli hupata soko hapohapo kwa kuwa inaahidi jina. Ukanda huu unajua gharama ya majina hayo. Vikongwe wa Shinyanga walikatwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyowashwa na moshi wa miaka mingi ya kupikia kwenye chumba kisicho na dirisha. Chanzo kilikuwa jikoni, tukakisoma kama ushahidi wa mahakama. Ramli chonganishi imepigwa marufuku mara nyingi, waganga wakanyang'anywa vibali mapema mwaka 2009 kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, na bado inapigwa. Siamini katazo litaimaliza maadamu huduma nyingine iko mbali kuliko mganga. Mganga yupo kijijini, anasikiliza, anampa mgonjwa pa kulala. Asiyekubali kumwona kama mshirika wa kumpeleka mgonjwa kituo cha afya atakuwa anajisifia usomi huku wagonjwa wamefungwa minyororo.

Maana maelezo ya chanzo ndiyo yanayoamua familia inaanzia wapi, na kuanzia ndiko kunakohesabiwa kwa miezi. Uchambuzi mmoja wa nchi za kipato cha chini na cha kati ulikuta kuwa kwa wastani mgonjwa hukaa wiki 125 na dalili kabla ya kupata tiba, karibu mara mbili ya nchi tajiri. Ni zaidi ya miaka miwili, na kadiri tiba inavyochelewa ndivyo matokeo yanavyokuwa mabaya. Katika muda huo ng'ombe wanauzwa mmoja mmoja, shamba la mpunga linakodishwa, kijana anapigwa akidhaniwa mwizi. Dawa zenyewe ni za zamani na za bei nafuu: haloperidoli, klopromazini, na sindano ya flufenazini inayopigwa takriban mara moja kwa mwezi. Haziponyi moja kwa moja, zina madhara yake, ugumu wa misuli na kutetemeka vikiwemo, lakini wengi huzirudia kazi zao. Mgonjwa aliyetulia kwa miezi sita akikuta sindano imeisha kituoni, akaambiwa aende Bugando, huanguka tena, na ukoo husema tuliwaambia haya si ya hospitali.

Fedha zipo karibu kuliko inavyodhaniwa. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni ya mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri husika. Mipango hiyo hupenda vitu vinavyozinduliwa kwa utepe, madarasa na mabweni, na sibezi madarasa. Lakini Bulyanhulu bado inatoa dhahabu, Geita vilevile, na katika mpango wa mwaka ujao Msalala ingeweza kuandika mistari mitatu isiyo na utepe: wakunga wa zamu ya usiku, mazoezi ya kila wiki ya kumpulizia hewa mtoto aliyezaliwa amechoka, na flufenazini ya miezi 12 pamoja na muuguzi wa afya ya akili anayejua kuifuatilia hadi kwenye maduara. Diwani atakayeulizwa na wapiga kura kwa nini hela ya mgodi inanunua dawa za vichaa anaweza kuwajibu kwa zile asilimia za Denmark: wagonjwa wengi wajao watatoka katika nyumba ambazo leo hazina mgonjwa hata mmoja.